Ujira wa Binti Zetu ni Deni: Janga la Korona Lilivyofichua Dhulma Iliyomo Majumbani Mwetu

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba wake na wote wenye kufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu wa Matema, Ipinda, Kyela na mwambao wote huu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo limekaa vifuani mwetu tangu mwaka 2020. Tunaliandika kwa uzito, kwa sababu wanaotuhumiwa humu si watu wa mbali. Wamo katika safu zetu, na sisi tunaoandika tumo miongoni mwao.

Ilikuwa katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria, yaani Mei 2020. Baada ya swala ya Alasiri alitufikia binti mmoja pamoja na mama yake. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, alikofanya kazi za ndani kwa miaka mitatu katika nyumba ya Muislamu mwenzetu, mtu ambaye kwa maelezo yake haikosi safu ya mbele. Ahadi aliyopewa ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, nazo zingewekwa na mwenye nyumba mpaka siku atakaporudi kwao, ili asizitapanye. Yalipoingia maradhi ya Korona, watoto wa nyumba ile wakawa wapo nyumbani kwa kuwa shule zimefungwa, na mama mwenye nyumba akaanza kumhofia binti huyu kila anapotoka kwenda sokoni, asije akawaletea maradhi. Siku moja asubuhi akapewa nauli ya basi na kanga mbili, akaambiwa hesabu itafanywa hali itakapotulia.

Hakutuomba chakula wala nguo. Alituuliza swali moja: "Mashekhe wangu, ujira wangu ni haki yangu, au ni sadaka ambayo tajiri akipenda atatoa na asipopenda basi?"

Tulimwambia nini? Tulimwambia awe na subira, kwani Allah yu pamoja na wenye kusubiri. Kisha tukamkatia kilo kumi za mchele katika Zakatul-fitri. Leo tunaona haya kwa jibu lile. Miezi thelathini na sita kwa shilingi 40,000 ni shilingi 1,440,000. Tulimfanya maskini wa kupewa, hali yeye alikuwa mdai mwenye haki yake, na tukamtetea mdaiwa kwa kumfunga mdomo mdai kwa jina la subira. Subira ni ibada ya mwenye kudhulumiwa, lakini haijapata kuwa hati ya kumsamehe dhalimu.

JANGA HALIKULETA DHULMA, LILIIFICHUA

Tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Korona ni janga la dunia. Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania, na siku iliyofuata ikatoka amri ya kufunga shule. Nchi yetu haikuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingi, na misikiti na makanisa yalibaki wazi. Basi wapo wanaosema kuwa kwetu hapakuwa na madhara ya kufukuzwa watu kazini. Hao hawajawauliza mabinti wa kazi. Haikuhitajika amri ya Serikali kumtoa binti jikoni. Hofu ya mwenye nyumba ilitosha.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwezi Juni 2020 kuwa wafanyakazi wa majumbani zaidi ya milioni 55 duniani walikuwa katika hatari ya kupoteza kazi au kipato kwa sababu ya janga lile na kwa kukosa hifadhi ya jamii, na kati yao milioni 37 walikuwa wanawake. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, shirika hilo hilo likaeleza kuwa ni wafanyakazi wa majumbani 6 tu katika kila 100 duniani ambao hifadhi yao imekamilika: matibabu, uzazi, ajali, uzee na kukosa kazi. Zingatieni idadi hiyo. Watu 94 katika mia walikutwa na tufani wakiwa hawana paa. Paa lile halikuezuliwa na Korona, kwa sababu halikuwahi kuezekwa.

Na wale waliovuka bahari walikuta makubwa zaidi. Tangu mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilikuwa limeshatoa ripoti iliyokusanya maelezo ya wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wengi wao wakieleza kunyang'anywa pasi za kusafiria, kunyimwa mishahara na kufanyishwa kazi saa nyingi bila ya mapumziko. Lilipokuja janga, anga la Tanzania likafungwa kwa ndege za abiria za kimataifa kuanzia Aprili hadi katikati ya Mei 2020. Aliyefukuzwa wakati ule hakuwa na pa kwenda: hana kazi, hana ujira, hana pasi, hana ndege. Huko Beirut, mwezi Juni 2020, wanawake wa Kihabeshi walitelekezwa na waajiri wao barabarani mbele ya ubalozi mdogo wa nchi yao, na mabegi yao pembeni.

Mfumo uliowashika wanawake hao unaitwa "kafala". Ndugu zetu, neno hili ni la kwetu! Kafala katika sheria ya Kiislamu ni dhamana: mtu kujitwika jukumu la kumlinda na kumtunza mwingine. Mwenye kumkafili yatima aliahidiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa naye Peponi, karibu kama vidole viwili vya mkono mmoja. Leo neno hilo tukufu limegeuzwa jina la kushikilia pasi ya mwanamke mgeni na kumfunga kwa mwajiri mmoja, amtendee wema au amtendee uovu. Ni dhulma iliyovishwa kanzu, na kila anayeinyamazia kwa sababu tu watendao ni Waarabu au ni Waislamu, basi ukabila umemshinda dini.

NJEMKE YA MABINTI

Wakulima wa Kyela wanaijua njemke. Mnunuzi anakuja wakati njaa imeingia, kakao ingali mtini au mpunga ungali shambani, anatoa fedha kidogo, na zao lote linakuwa lake kwa bei ya kutupa. Tumekemea biashara hiyo mara nyingi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kukomaa, na kwa sababu inakula jasho la mwenye dhiki.

Je, tunafanya nini kwa mabinti zetu? Dalali anakuja mwezi wa njaa. Anampa baba fedha ya kununua mbolea au kulipa deni la dukani, anamsifia mji, anasema nyumba ni ya watu wa dini. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Hakitajwi kiwango cha mshahara, wala siku ya mapumziko, wala nani atalipa akiugua. Binti anapandishwa basi, anapita Tukuyu, anapita Mbeya, anapotea machoni. Baba aliyefanya hivyo ameuza kwa njemke kitu kilicho bora kuliko kakao. Naye ndiye huyo huyo anayepiga kelele mizani ya kakao inapochezewa kwa kilo mbili!

Allah (s.w.) ameanza Suratul-Mutaffifin kwa kuwatishia adhabu wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wafasiri wametufahamisha kuwa kipimo si cha nafaka peke yake. Anayetaka kazi kamili tangu alfajiri hadi usiku wa manane, kisha akatoa ujira nusu au asitoe kabisa, ni mpunjaji. Na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, Allah (s.w.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyeajiri mtu, akaichukua kazi yake kwa ukamilifu, na asimpe ujira wake. Ni wakili gani atakayemtetea mtu ambaye hasimu wake ni Allah?

HIFADHI ALIYOIWEKA ALLAH, NA SISI TULIVYOIBOMOA

Wengi wetu tukisikia "hifadhi ya jamii" tunadhani ni jambo lililobuniwa Ulaya na kuletwa kwetu na wafadhili. Sivyo. Uislamu ulimwekea mwanamke hifadhi tabaka juu ya tabaka. Ya kwanza ni matunzo: analishwa na kuvishwa na baba, kisha na mume. Ya pili ni mahari, ambayo ni mali yake mwenyewe. Ya tatu ni mirathi, ambayo Suratun-Nisaa imetamka wazi kuwa wanawake wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Ya nne ni Zaka, na mafungu yake manane yametajwa katika Suratut-Tawba. Ya tano ni Baitul-Mal, hazina ya Waislamu.

Kadhi Abu Yusuf amesimulia katika Kitabul-Kharaj kuwa Khalifa Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alipojua kuwa uzee na haja ndivyo vilivyomtoa, alimchukua nyumbani kwake akampa chochote, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie yeye na mfano wake, kwa kuwa si uadilifu kula nguvu za mtu katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake. Huyo hakuwa Muislamu. Tunalitaja hili kwa sababu mabinti wengi wanaotoka mwambao huu ni wa majirani zetu Wakristo, na wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa haki ya asiye Muislamu ni nyepesi. Haki ya ujira haiulizi dini ya mwenye jasho.

Sasa tujiangalie. Matunzo tumeyabadilisha: binti wa miaka kumi na saba ndiye anayemtunza baba. Mahari tumeifanya ng'ombe wa wajomba na baba wadogo, yeye haambulii hata mtamba. Mirathi ndiyo msiba mkubwa. Baba anapofariki, shamba la mpunga, migomba na mikakao hugawanywa kwa wanaume, na binti huambiwa kuwa yeye ataolewa, ardhi itakwenda kwa watu wengine. Hiyo ni mila, wala si sheria ya Allah. Na Zaka kila mmoja wetu huigawa kwa mkono wake, senti hapa na senti pale, hata isimwinue yeyote.

Basi tusishangae janga lilipomkuta binti yule hana pa kuegemea. Tulikwishang'oa nguzo za nyumba yake moja baada ya nyingine, kisha upepo ulipokuja tukasema ni kadari.

HOJA ZA WENYE KUSHIKILIA UJIRA WA WATU

Tumezisikia hoja nyingi, na tunazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Huyu si mfanyakazi, ni kama mtoto wetu." Ikiwa ni mtoto wenu, mbona wenzake walikwenda shule naye akabaki na ndoo? Mbona wao hulala vitandani naye sakafuni? Na yalipokuja maradhi, ni mtoto yupi mwingine aliyepewa nauli akaambiwa aende? Mtoto hafukuzwi wakati wa maradhi. Kumwita mtu mtoto ili asidai, kisha kumwita mfanyakazi ili aondoke, ni kucheza na maneno, na Allah hachezewi.

Hoja ya pili: "Anakula kwetu na kulala kwetu." Hesabu hiyo ilikwishafanywa na sheria. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 80,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyeishi kwa mwajiri wa kawaida, na shilingi 40,000 kwa anayeishi humo. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ikaweka 120,000 na 60,000. Yaani nusu nzima imeshakatwa kwa ajili ya chakula na malazi. Anayemkata tena kwa ugali ule ule amekula mara mbili.

Hoja ya tatu: "Janga ni kadari ya Allah, nasi biashara zetu zilikufa." Ni kweli kuwa maradhi ni kadari. Umar (r.a.) alipoghairi kuingia Sham kwa sababu ya tauni ya Amwas, na Abu Ubaydah (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kadari haikumfanya aache wajibu wake wa kuwalinda watu. Na mwenye dhiki ya kweli Suratul-Baqara imemwekea njia: apewe muda mpaka apate wasaa. Lakini muda si msamaha. Mdaiwa mwenye dhiki hukiri deni, huliandika, hutoa kidogo kidogo. Hakati simu! Tena tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alimtaja afaye kwa tauni kuwa ni shahidi, na pia alitufundisha kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa aliyekufa kwa janga lenyewe hasalimiki na deni lake, vipi atasalimika yule aliyelipitia akiwa hai na sasa amejenga ghorofa?

Hoja ya nne: "Mifuko ya hifadhi ya jamii ina riba, sisi tunajitenga nayo." Mwenye wasiwasi wa kweli juu ya uwekezaji wa mifuko hiyo awaulize wanachuoni, nasi hatudharau wasiwasi wa mcha Mungu. Lakini tunawauliza wenye hoja hii: ile sehemu ambayo sheria ilikutaka umchangie, uliiweka wapi? Umempa mkononi kwa jina lake? Umemnunulia shamba? Au ilibaki mfukoni mwako? Mbona benki yenye mshahara wako haina riba, ila NSSF ya binti wa kazi ndiyo yenye riba? Uchaji unaoota pale tu unapookoa fedha za mwenyewe ni uchaji wa kutiliwa shaka.

Hoja ya tano, nayo hutoka kwenye mimbari zetu wenyewe: "Mwanamke amekatazwa kusafiri bila mahram, basi yaliyompata amejitakia." Hukumu ya mahram tunaikubali na hatuilegezi. Lakini kosa la msafiri halihalalishi ujira wake kwa mwenye nyumba, kama ambavyo mali ya mwenye dhambi haiwi halali kwa mwizi. Na nani aliyempandisha basi? Ni huyo huyo walii wake. Suratul-Qasas imetusimulia mabinti wawili wa Madyan waliokwenda kunywesha wanyama kwa sababu baba yao alikuwa mzee sana. Nabii Musa (a.s.) hakuwahutubia kwa kutoka kwao; aliwanywesheza, kisha akaenda kivulini. Na alipoajiriwa na mzee yule, yeye Musa akiwa mgeni mkimbizi asiye na kitu, muda ulitajwa, malipo yalitajwa, mwajiri akasema hataki kumtia mashakani, na Allah akafanywa Shahidi wa mapatano. Huo ndio mkataba wa ajira wa mhamiaji ndani ya Qur'an. Mikataba yetu iko wapi?

SERIKALI NAYO

Hatuwezi kuwalaumu waumini tukawaacha wenye mamlaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumbagua mfanyakazi wa nyumbani, nayo inataka masharti ya kazi yaandikwe. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2018, NSSF ndio mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi, na mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wa shilingi 40,000 mchango huo ni shilingi 8,000 kwa mwezi, na za mwajiri ni 4,000. Mabadiliko yale yaliweka pia fao la kukosa ajira, ambalo mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita.

Binti yetu alifanya kazi mara mbili ya miezi hiyo. Lau angeandikishwa, mwezi ule wa Ramadhani angekuwa na shilingi elfu kumi na tatu na ushei kila mwezi kwa miezi sita. Ni kidogo, na hatusemi vinginevyo. Lakini kingekuwa chake, bila kumbembeleza mtu wala kupiga foleni ya mchele wetu. Alikosa kwa sababu ya shilingi 4,000 ambazo mwajiri hakutoa, na kwa sababu hakuna mkaguzi wa kazi aliyewahi kubisha hodi katika nyumba ile. Mkataba Namba 189 wa ILO wa mwaka 2011, unaotaka wafanyakazi wa majumbani wapate hifadhi isiyo duni kuliko ya wengine, nchi yetu ilikuwa bado haijauridhia janga lilipoingia. Sheria isiyofika jikoni haimsaidii anayeishi jikoni.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu, kulia bila kutenda si mwendo wa Maswahaba. Kwa hiyo tunatoa mwito ufuatao kwa misikiti yote ya mwambao huu, na kwa jamaa zetu waliopo Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam.

Kwanza, kila aliyeshikilia ujira wa binti wa kazi tangu siku za Korona au kabla yake, aulipe. Simu zipo, na fedha siku hizi zinatumwa kwa simu hata Ikombe. Asiyeweza kulipa wote aandike deni na kuanza kulipunguza. Na ajue kuwa umra anayokwenda kwa fedha hizo anakwenda kwa fedha za mwingine.

Pili, asitoke binti mwambao huu kwenda kazini bila ya maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya Suratul-Baqara, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Jina la mwajiri, mahali, kiwango cha mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, nani atamtibu na nani atamrudisha likitokea janga. Nakala moja ibaki kwa binti, moja kwa mwajiri, na moja katika sanduku la msikiti. Dalali asiyekubali maandishi asikaribishwe.

Tatu, mwajiri Muislamu amwandikishe mfanyakazi wake NSSF na amwonyeshe michango yake. Mshahara apewe mwenyewe mkononi kila mwezi. Desturi ya "tunakuwekea" ikome. Amana isiyoandikwa ndiyo mlango wa khiyana.

Nne, Zaka ikusanywe pamoja na kugawanywa kwa mpango. Binti aliyetupwa mjini wakati wa maradhi bila nauli anaingia katika mafungu zaidi ya moja: ni fakiri, aghalabu ni mwenye deni, na ni msafiri aliyekatikiwa njiani. Wenzetu Walutheri wana hospitali hapa Matema, na mgonjwa wa dini yoyote hutibiwa. Sisi tuna dini iliyoifanya Zaka kuwa nguzo, lakini hatuna hata daftari moja la wahitaji! Wakati huo huo, mtu akifa, tunachanga mchele, nyama na mafuta kwa ajili ya hitima na arubaini, mambo ambayo Mtume (s.a.w.) hakuyafanya. Tukiiacha bid'a hiyo kwa mwaka mmoja tu, nauli za mabinti wote waliokwama zitapatikana, na maiti zetu zitanufaika zaidi kwa sadaka hiyo.

Tano, mirathi. Maimamu wasimame na familia kabla ya shamba kugawanywa, wala si baada. Binti mwenye robo eka ya mpunga iliyo yake kwa jina lake ana mahali pa kurudi, na mwenye mahali pa kurudi hadhulumiwi kirahisi.

HITIMISHO

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa hali ya dharura ya Korona imekwisha. Kwa wengi wetu janga limebaki kuwa hadithi ya barakoa na kujifukiza. Lakini madeni yake hayajafa, na maradhi mengine yatakuja kwa wakati aujuao Allah. Swali ni iwapo yatawakuta mabinti zetu wakiwa na paa, au yatawakuta kama yale yalivyowakuta.

Binti tuliyemtaja yupo. Anauza usipa kando ya ziwa, na siku za Jumamosi humkuta mtu kwenye mnada wa Lyulilo, karibu na akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu. Mpaka tunaandika haya hajalipwa. Basi na tumjibu leo, kwa kuchelewa, swali alilotuuliza: ewe binti yetu, ujira wako ni haki yako. Si sadaka, si hisani, wala si zawadi ya tajiri. Ni deni juu ya aliyekutumikisha, na sisi tuliokuambia usubiri tulikukosea. Tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe, nawe utusamehe, na tunashuhudia mbele ya jamaa zote zitakazosoma waraka huu kuwa tutasimama nawe mpaka ulipwe.

Ewe Mola wetu, usitufanye miongoni mwa watakaokuja Siku ya Kiyama na swala na saumu, kisha thawabu zao zikachukuliwa na wale waliowadhulumu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.